Kijana Anapofika Mwisho wa Kukaa Nyumba ya Uangalizi



Jumatano moja, soko la wanawake la Ibra lilipokuwa linapungua watu, bibi mmoja katika jamaa zetu alitufuata akiwa na bahasha mkononi. Alitoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya Kiingereza ambayo mwanawe aliipiga picha akampelekea kwa simu, naye akaenda kuitolea nakala dukani. Ya pili ilikuwa nakala ya tiketi ya ndege, London hadi Maskati, na tarehe yake ilikuwa ile ile iliyomo ndani ya barua.

"Mwalimu," alisema, "nisomee, ijapokuwa mimi nimeshafahamu. Mwanangu anatoka siku hiyo. Tiketi nimeshamkatia."

Tuliisoma barua mara mbili. Kijana huyo, ambaye kosa lake halina haja ya kutajwa hapa, alikuwa ametoka gerezani nchini Uingereza na kupelekwa katika nyumba ya uangalizi. Barua ilimwarifu siku atakayotakiwa kuiacha nyumba hiyo. Hukumu yake ilikuwa haijaisha. Ulibaki mwaka mmoja na miezi kadhaa, na katika muda wote huo ilimlazimu aripoti kwa afisa wake na asitoke nje ya nchi bila ya ruhusa. Tiketi ile, iliyonunuliwa kwa mapenzi na kwa fedha ya akiba, ingeliweza kumrejesha gerezani.

Ilikuwa vigumu kumwambia mama yule maneno hayo sokoni, na twakiri kwamba tulitafuta kwanza kivuli na kahawa. Alipokwisha kufahamu alinyamaza kitambo, kisha akauliza suali ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Basi nani anayeamua? Na mimi niliye huku nifanye nini?"

Hatudhani kwamba suali hili ni la mama mmoja. Jamaa zetu wa Sharqiyah na Dakhiliyah wametawanyika; nyumba moja ya Nizwa yaweza kuwa na mtoto Unguja, mpwa Mombasa na mjukuu Portsmouth. Furaha zao hutufikia siku ile ile. Aibu zao hutufikia kwa kuchelewa, aghalabu baada ya mambo kuharibika, kwa kuwa familia huficha jambo la mahakama mpaka siku ya mwisho ndipo hutafuta mtu wa kusoma barua. Tumeona afadhali tulieleze jambo hili wazi, bila ya kumtaja mtu.

Nyumba tunazozisema ni zile ambazo watu wa Mombasa huziita hosteli za probesheni. Nyumba hizi si gereza, kwa sababu mchana mkaazi hutoka kwenda kazini, hospitali au msikitini. Si nyumba ya kupanga pia, kwa sababu anayekaa humo hakuchagua kuja na hawezi kuondoka kwa hiari yake. Mtu huwekwa hapo kwa muda, chini ya macho ya maafisa, kati ya kifungo na maisha ya kawaida. Kukaa kwake humalizika muda ukitimia, au haja ikiisha mapema, au akivunja masharti. Katika hali zote tatu, kinachomalizika ni makazi yale tu. Hukumu au amri iliyomleta pale ina hesabu yake nyingine, na kosa la familia nyingi ni kuzichanganya hesabu hizi mbili.

Kenya na hosteli ya Shanzu

Tuanze na Kenya, kwa sababu tangu zama za majahazi watu wa Sur wana jamaa katika pwani ile. Sheria ya huko ya kuwaachilia wakosaji chini ya uangalizi ilitungwa mwaka 1943, katika utawala wa Waingereza, na ingali ikitumika pamoja na marekebisho yake. Watu huita adhabu hii kifungo cha nje. Hakimu akiona kosa limethibitika, lakini akazingatia umri wa mtu, tabia yake, afya yake, hali ya nyumbani kwake au aina ya kosa, aweza kuacha kumfunga akamweka chini ya afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi sita wala kuzidi miaka mitatu. Sheria yamtaka hakimu amweleze mkosaji masharti kwa lugha anayoifahamu, na asitoe amri hiyo mpaka mwenyewe akubali kuyafuata. Mahakama yaweza pia kutaka wadhamini.

Wengi wa walio katika kifungo cha nje hukaa majumbani kwao. Hosteli ni kwa wale ambao nyumba zao hazifai: kijana ambaye waliomponza wanakaa mlango wa pili, msichana ambaye nyumbani ndiko alikodhurika, au asiye na kwao kabisa. Ziko hosteli Shanzu, kaskazini ya mji wa Mombasa, Kimumu karibu na Eldoret, Nakuru na Siaya, nyingine za wavulana na nyingine za wasichana. Makazi humo hayazidi miezi 12.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukiwafanyisha watoto darasani. Kijana amepewa amri ya miaka mitatu, na mwaka wa kwanza akae Shanzu. Mwaka umekwisha, amefunga mkoba wake, amepanda matatu kurudi Kisauni au Majengo. Je, amemaliza? Amebakiwa na miaka miwili kamili ya kuripoti kwa afisa na kufuata masharti. Katika miaka hiyo, akipotea bila ya kuaga, akihamia kwingine bila ya kumwarifu afisa, au akivuka mpaka kwenda kwa shangazi yake, mahakama yaweza kumwita au kutoa hati ya kumkamata. Hapo hakimu anao uwezo wa kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au kumhukumu kwa lile kosa la kwanza, kama kwamba siku zote zile za uangalizi hazikuwapo.

Kinyume chake, familia chache zinajua kwamba amri yaweza kufutwa kabla ya muda wake. Afisa wa probesheni, au kijana mwenyewe, anaweza kuomba mahakama imwachilie mapema ikiwa uangalizi hauna haja tena. Ombi hilo huenda kwa hakimu. Mjomba mwenye jina mjini hana uwezo huo, wala mkuu wa hosteli.

Lakini jambo kubwa zaidi, ambalo twaomba wasomaji walitafakari, ni hili. Kijana wa Shanzu alipelekwa hosteli kwa sababu nyumba yake haikufaa. Basi siku ya kutoka ikikaribia, afisa hatazami kijana peke yake, huitazama na ile nyumba. Atakwenda kuiona. Atauliza nani analala wapi, nani ana kazi, na wale marafiki wa mwanzo wako wapi. Atazungumza na chifu na majirani. Huenda akamuuliza na aliyeibiwa au aliyepigwa kama yuko tayari kumwona tena kijana yule katika mtaa. Ikiwa nyumba ni ile ile, na chumba ni kile kile chenye vijana wanane, na mlango wa pili bado panauzwa unga, afisa atamrudisha wapi?

Hapo ndipo sisi tulio Sur na Ibra tunapohusika, kwa sababu mara nyingi fedha inayoiendesha nyumba ile ya Mombasa yatoka huku. Tumezoea kupeleka fedha za arusi, za matanga na za Idi. Kupeleka kodi ya miezi sita ili kijana akakae kwa ami yake Likoni, mbali na kundi lake, hatujazoea. Tumeshuhudia pia jamaa waliogharimia wakili kwa fedha nyingi, na mwenye mali iliyopotea hakuwahi kufuatwa hata mara moja kuombwa radhi, wala kurejeshewa thamani ya mali yake. Dini yetu imetufundisha sulhu kabla ya mahakama kutufundisha lolote, na afisa anayekwenda kuuliza mtaani hulisikia jambo hilo haraka.

Kwa Tanzania Bara, sheria ya uangalizi ina asili ile ile ya Kiingereza, na waliozoea ya Kenya hawatapotea sana. Unguja na Pemba wana jambo lao ambalo sisi walimu hatuwezi kulipita bila ya kulitaja: tangu sheria ya mwaka 1980, gereza la Zanzibar huitwa Chuo cha Mafunzo na mfungwa huitwa mwanafunzi. Wako wanaocheka jina hilo. Sisi hatucheki, ila twasema kwamba tulipokuwa shuleni hapakuwa na mwanafunzi aliyemaliza bila ya mzazi wake kujulishwa tarehe, na bila ya mzazi huyo kufikiri mapema mtoto atafanya nini mwezi unaofuata.

Uingereza

Turudi kwa kijana wa bibi wa Ibra. Tunayoyasema ni ya England na Wales, maana Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Huko kuna nyumba za uangalizi mia moja hivi. Zamani nazo zikiitwa hosteli za probesheni. Jina lao rasmi siku hizi lina maana ya majengo yaliyoidhinishwa, na msingi wake ni kifungu cha 13 cha sheria ya usimamizi wa wakosaji ya mwaka 2007. Wakaazi wake wa leo si wale wa makosa madogo kama ilivyokuwa zama za wazee wetu. Wengi ni watu waliotoka gerezani ambao wakubwa wanaona bado wana hatari kwa wengine, na wamewekwa pale ili watazamwe usiku na mchana. Mzazi akiambiwa mwanawe yuko katika nyumba hiyo, asidhani ni bweni la wasafiri.

Kwa desturi mtu hukaa humo hadi wiki 12. Usiku ni marufuku kutoka, aghalabu kuanzia saa tano za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi, na wengine huongezewa saa za mchana za kuja kutia saini. Vyumba hupekuliwa. Dawa za hospitali huwekwa kwa wafanyakazi. Wageni hawaingii vyumbani. Mkaazi huchangia gharama. Ulevi na dawa za kulevya ni mwiko, na sheria ya mwaka 2022 imewapa wafanyakazi uwezo mpana zaidi wa kuwapima wakaazi.

Katika hayo yapo mawili yanayowaponza vijana wetu hasa. La kwanza ni mirungi. Kenya mirungi huuzwa hadharani, na kijana aliyekulia Eastleigh au Mombasa haihesabu kuwa dawa ya kulevya. Uingereza imeipiga marufuku tangu Juni 2014. Fungu moja linalopatikana mfukoni ni kosa la jinai na ni kuvunja masharti, kwa pamoja.

La pili latusikitisha zaidi kwa sababu huwapata wale wanaojitengeneza. Mwezi wa Juni, katika miji ya Uingereza, jua huchwa saa tatu na nusu za usiku, na misikiti mingi husali Isha saa nne na nusu, saa tano au hata baadaye. Alfajiri nayo huingia usiku ukingali mchanga. Kijana aliyetubu, ambaye gerezani ndiko alikoanza kuswali, hutaka kuswali jamaa. Akibaki msikitini kwa Isha, atafika mlangoni saa tano na dakika ishirini, na kitabu cha mlangoni hakiandiki kwamba alikuwa msikitini. Kitaandika kwamba alichelewa. Afisa anaweza kukubali saa zibadilishwe kwa sababu maalumu, lakini lazima aombwe kabla, kwa maandishi, na jibu lipatikane kabla ya kutoka. Na akikataa, kijana asali chumbani kwake. Hilo ni bora kuliko kuirudia seli kwa ajili ya sunna, na sheikh yeyote mwenye fiqhi atamwambia hivyo.

Sasa, nani anayeamua kwamba kukaa kumekwisha? Muda ukitimia kwa salama, ni afisa wake wa probesheni pamoja na wasimamizi wa nyumba, nao wanatakiwa wawe wamepanga mapema anakokwenda. Mambo yakiharibika, msimamizi wa nyumba aweza kumwondolea nafasi yake. Kwa makosa madogo huanza na onyo. Kwa vitisho, kupigana, silaha au dawa za kulevya, mtu aweza kuondolewa siku hiyo hiyo. Mkaazi huyo si mpangaji. Hana ile notisi ya miezi anayopewa aliyepanga nyumba.

Baada ya kuondolewa, yote hutegemea ni karatasi gani iliyomleta pale. Aliyekuwa anangoja kesi kwa dhamana hukamatwa na polisi akafikishwa mbele ya hakimu katika muda wa saa 24. Aliyetoka gerezani kwa masharti kabla ya kumaliza hukumu, kama kijana wetu, ana sharti la kukaa pale anapoelekezwa. Akipoteza kitanda na afisa asione pengine pa kumweka, afisa atapendekeza arudishwe gerezani, na maafisa wa Wizara ya Sheria ndio wanaofuta ruhusa yake ya kuwa nje. Hapafanywi kesi kwanza. Polisi humjia.

Hata hapo hajanyimwa haki zote. Lazima apewe sababu za kurudishwa, na anaweza kuzijibu kwa maandishi. Wakili aweza kumsaidia, na kwa wengi suala huishia mbele ya Bodi ya Paroli, ambayo ina uwezo wa kuamuru aachiliwe tena. Wengine hurudishwa kwa siku zilizowekwa na sheria, kisha wakatolewa. Siku hizo serikali imezibadilisha mara kadhaa, kwa hivyo aulizwe wakili na asiulizwe aliyefungwa miaka mitano nyuma. Tumeona ndugu wakipiga simu kwenye nyumba ile kwa hasira, wakidai kuelezwa. Hawataelezwa. Bila ya ridhaa ya kijana mwenyewe, maafisa hawazungumzi habari zake hata na mama mzazi. Basi la kufanya siku ya kwanza, mambo yakiwa bado mazuri, ni kumwomba kijana atie saini karatasi ya kuwaruhusu wazungumze na mtu mmoja wa familia anayejua Kiingereza na asiyepandwa na hasira upesi.

Ubaya mwingine ni mdogo kwa sura lakini ndio unaowamaliza wengi: muda umetimia, hakuna kosa, na hana pa kwenda. Hapa pia hesabu ina faida. Sheria ya mwaka 2017 juu ya wasio na makazi yalazimisha baraza la mji lipokee ombi la mtu atakayekosa makazi katika siku 56 zijazo, limtathmini na liandike naye mpango. Siku 56 ni wiki nane. Mtu wa wiki 12 basi aweza kuanza kuomba mara tu wiki ya nne inapokwisha, na maafisa wa probesheni nao wana wajibu wa kumpeleka huko akikubali. Kupokewa ombi si kupewa nyumba. Mwanamume kijana asiye na maradhi mara nyingi huambiwa si wa mbele katika safu. Iko pia huduma ya makazi ya muda, ya hadi usiku 84, kwa wanaotoka gerezani au katika nyumba hizi bila ya pa kulala, lakini ni lazima afisa ampeleke. Yule bibi wa Ibra alipotuletea barua, mwanawe alikuwa katika wiki ya saba. Wiki tatu zilikuwa zimepita bure, kwa sababu kijana alidhani ana tiketi.

Ikiwa yuko jamaa London au Leicester aliye tayari kumpokea, anwani yake ipelekwe kwa afisa mapema. Nyumba hiyo itachunguzwa. Wataulizwa polisi, na kama mna watoto wadogo wataulizwa na wanaosimamia ustawi wa watoto. Mwenye nyumba asione ametukanwa. Na asikubali kwa haya tu, akaja kukataa siku mbili kabla, kwani hakuna linalomwumiza kijana kuliko hilo.

Neno moja kwa wasio raia wa Uingereza: mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi huwa chini ya sheria ya mwaka 2007 inayoamuru afukuzwe nchini, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Kwa mtu huyo, mwisho wa kukaa hosteli waweza kuwa mwanzo wa kizuizi cha uhamiaji, na wakili wa uhamiaji ni mwingine na yule wa jinai.

Hapa kwetu Oman

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya ughaibuni. Mzazi wa Sur au Nizwa naye yampasa aijue Sheria ya Kuwajibisha Watoto, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 30 ya mwaka 2008. Inamhusu aliyetimiza miaka tisa na hajatimiza 18. Imetaja nyumba za aina tatu chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii: daru-l-mulahadha, anapowekwa mtoto wakati jambo lake likichunguzwa, daru-t-tawjih, kwa mtoto ambaye hajakosa lakini yumo katika hatari ya kupotea, na daru-l-islah, kwa aliyethibitika kukosa. Pamoja na nyumba hizo, sheria inatambua njia ya kumkabidhi mtoto kwa mzazi wake, na njia ya kumweka chini ya uangalizi akiwa kwao.

Nguzo ya utaratibu huo ni ripoti ya mwangalizi wa kijamii. Yeye ndiye anayeieleza mahakama habari za mtoto, shule yake na watu wa nyumbani kwake. Baadhi ya wazazi wetu, hasa wale ambao Kiarabu chao ni cha nyumbani, humwogopa mwangalizi kama polisi, wakampa majibu mafupi na kumficha kwamba baba na mama hawakai pamoja, au kwamba mtoto ana mwaka hajaingia darasani. Matokeo yake ripoti husema familia haina ushirikiano, na mtoto hubaki. Lugha ikiwa nzito, nendeni na mtu wa kuwafasiria. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kutikisa kichwa kwa jambo usilolifahamu.

Wageni wanaozuru ngome ya Nizwa, iliyojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif Al-Yaarubi, huonyeshwa vyumba vya wafungwa. Watoto wa shule huvichungulia wakacheka, wakatoka. Sisi kila tunapopita hapo hukumbuka mas'ala moja ya fiqhi ambayo wanafunzi wa Lamu na Unguja waliisoma katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277: kadhi mpya akishika kazi, la kwanza kutazamwa ni habari za waliomo kifungoni. Huangalia nani amefungwa kwa haki abaki, na nani hana sababu ya kubaki aachiliwe. Wanavyuoni wale waliona kwamba kufungwa kusiko na mtu wa kukutazama mwisho wake ni dhulma hata kama mwanzo wake ulikuwa haki. Mlango wa kafala nao watufaa: anayemdhamini mtu kwa nafsi yake hujua ni lini dhamana imemshika na ni lini imemwachia. Jamaa anayetoa anwani yake London, au ami anayempokea mtu Likoni, yuko karibu sana na kafili huyo, na ana haki ya kuuliza kabla ya kukubali: ni muda gani, niripoti nini, na akiondoka usiku bila ya kuniambia natakiwa nimpigie nani simu?

Tulimwandikia yule bibi mambo manne ya kumwuliza mwanawe usiku ule ule: hukumu yako yote inaisha tarehe gani, afisa wako ni nani na simu yake, umeshaomba makazi kwa baraza, na nani katika jamaa umemruhusu azungumze nao. La kwanza kijana hakulijua. Alijua tarehe ya kutoka nyumba ile, basi. Ilimbidi akamwulize afisa, na afisa alimpa karatasi ambayo alikuwa amepewa tangu siku ya kutoka gerezani, ila hakuisoma.

Tiketi haikurejeshewa fedha yote. Bibi aliipokea hasara hiyo kwa "alhamdulillah" iliyokuwa na ukali kidogo ndani yake. Kisha binti yake akampa wazo ambalo sisi tulichelewa kulifikiri: kwa kuwa kijana hawezi kuja, mama na aende. Raia wa Oman tangu Februari 2024 hawahitaji viza ya kawaida kwa ziara fupi ya Uingereza. Huomba kibali cha safari kwa njia ya simu au kompyuta. Tulimhimiza asiende wiki ya kutoka, kwa sababu wiki hiyo kijana atakuwa anazungushwa ofisi hadi ofisi, bali aende mwezi mmoja baadaye, akute chumba alichopata, akitazame kwa macho yake, akutane na afisa ikiwa kijana ataridhia.

Sasa anauliza kama anaweza kumtangulizia halwa ya Nizwa kwa posta. Tumemwambia kwamba vifurushi vinavyofika katika nyumba ile vyaweza kufunguliwa, basi aandike juu yake kwa Kiingereza kila kilichomo: sukari, wanga, samli, zafarani, maji ya waridi na lozi, na anwani aiandike ya afisi wanayomruhusu, baada ya kijana kuuliza kwanza.